Yaya na Vidole Vyangu

Nilipofika duniani nilimkuta kaka yangu mkubwa tayari anatoa amri, kwa hiyo habari za kuzaliwa kwake waulizwe wengine. Nilimwita Yaya, kama kwetu Kamina kila mtu anavyomwita ndugu aliyemtangulia, na nitamwita hivyo hapa pia. Jina lake la kwenye kitambulisho sijawahi kulitumia, na ningelitumia angeliniuliza nina shida gani.

Alikuwa karani katika ofisi ya zone, yaani wilaya, miaka ile ya Zaire ambapo wanaume wa ofisi walivaa abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, na kuitana sitwayeni, yaani raia. Yaya alifunga vifungo vyote vya abakosti yake mpaka kooni, hata mwezi wa Oktoba, mvua inapokuwa haijafika na mabati yanalia kwa joto. Ukimwambia afungue kimoja apumue, alijibu kwamba kama fundi angetaka kifungo kile kikae wazi, asingejisumbua kukishona. Kitambaa cha kufutia jasho alikuwa nacho mfukoni, safi na kimepigwa pasi, lakini hicho kilikuwa cha kufutia mashine ya kuandika. Jasho lake mwenyewe alilifuta kwa mkono wakati hakuna aliyemtazama.

Mashine ile ndiyo iliyokuwa mkubwa wa ofisi, si yule aliyekaa chumba cha ndani. Yaya aliipiga kwa vidole vyote kumi bila kuitazama, macho yake yametulia usoni mwa mtu aliyesimama mbele yake, na jambo hilo liliwatia watu hofu. Walikuja kuomba karatasi ndogo tu wakaondoka wamekiri mambo ambayo hawakuulizwa. Mzee mmoja kutoka Kabongo alitaka kibali cha kuuza mbuzi sita. Alipotazamwa vile kwa muda, akasema kwa sauti ya chini kwamba mmoja wa mbuzi hao, kusema kweli, hakuwa wake. Yaya akasimamisha vidole. "Basi tutaandika tano," akasema, akaendelea kupiga.

Nyumbani pia alikuwa karani. Alimwachia mke wake maagizo yaliyopigwa kwa mashine, juu ya meza, yamekandamizwa kwa jiwe: Kwa Mama wa Nyumba. Kuhusu: Chumvi. Kisha mistari mitatu ya heshima kueleza kwamba mboga ya jana ilizidi. Nakala ya pili aliiweka kwenye farde, yale majalada ya karatasi ngumu ya ofisini, kwa sababu siku moja mtu angeweza kuuliza. Mke wake hakujibu kwa maandishi. Alipika siku mbili bila chumvi hata punje, na siku ya tatu Yaya akaandika barua ya kufuta barua ya kwanza.

Asubuhi nyingine wafanyakazi wote walitakiwa kucheza na kuimba mbele ya bendera kwa sifa za chama. Yaya alikuwa mtu wa misheni, amekulia kwenye benchi la kanisa, na aliamini kwamba kiuno mtu amepewa akalie. Wenzake waliyumba kulia na kushoto, yeye akasimama katikati yao wima, akipiga makofi nyuma ya wimbo kidogo, kwa adabu. Mwishowe ikaamriwa apewe onyo la maandishi. Lakini karani alikuwa nani? Alijiandikia barua ya onyo mwenyewe, akaona sentensi ya pili ni dhaifu, akaitia nguvu, akaipeleka kwa mkubwa itiwe saini, kisha akarudi mezani pake akajikabidhi nakala.

Na kila Jumamosi alasiri alifundisha wachumba kanisani. Hii ndiyo sehemu yake ninayoipenda kumtania nayo zaidi. Kila kijana wa misheni aliyetaka kuoa alipitia kwake, yeye na msichana wake, wakakaa kwenye benchi kwa majuma manane wakisikia kwamba bwana na bibi ni mutu mumoya, na kwamba uvumilivu ni nguo ya kila siku. Alikuwa na sauti nzuri ya jambo hilo. Wanawake walitoka pale wakilia kwa furaha. Jumapili yake, baada ya ibada, mwalimu huyo huyo alipanda baiskeli, akaenda Base, kambi ya jeshi nje ya mji, kumtoa dada yake, yaani mimi, kwenye ndoa.

Nieleze basi ndoa yenyewe, maana yeye ndiye aliyeniingiza.

Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo wakati wa kuposwa kwangu ni Yaya aliyekalia kiti cha baba. Mwenye kuposa alikuwa ajida, askari wa Base, mtu wa mbali asiyejulikana ukoo wake. Aliandika barua ya kuomba. Yaya aliisoma mara tatu. Hakuuliza habari za mtu huyo kwa jirani yake hata mmoja, yeye ambaye alimwuliza muuza karanga kama karanga ni za mwaka huu. Aliinua karatasi ile kwenye mwanga, akanionyesha.

"Angalia hii mustari," akaniambia. "Inatembea sawa kabisa. Muntu wa mwandiko kama hii hawezi kuwa muntu mubaya."

Sitasema nilikataa. Nilikuwa msichana, na nilikuwa nimeziona buti za ajida zikimeremeta. Kila mtu na udhaifu wake. Tukala karamu. Mahari ilikuwa mbuzi, blanketi, vitambaa, na baiskeli mpya yenye taa ya dinamo. Mbuzi waliliwa na ukoo, Baba Mdogo akiwa mbele ya sahani. Baiskeli akaichukua Yaya, na ndiyo hiyo aliyopanda kunitembelea miaka yote iliyofuata, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Ajida alikuwa akiisalimu baiskeli kabla ya kumsalimu mwenye kuipanda. "Ah, mahari yangu imefika," alisema, akabonyeza matairi kuona kama yametunzwa.

Nilikaa Base miaka sita. Siwezi kusema mume wangu alikuwa mnyama, ingawa ningependa, hadithi ingekuwa fupi. Alikuwa mtu wa kufuli. Kabati la chakula lilikuwa na kufuli, sanduku la nguo kufuli, na funguo zilining'inia mkandani mwake, nikajua amefika kabla sijamwona. Wake wa askari wenzangu waliuza mikate na mafuta ya mawese mbele ya nyumba zao. Mimi nilikatazwa, eti mke wa ajida habebi beseni kichwani. Mtoto hatukupata, na jambo hilo alilisema mbele ya wageni, kati ya habari za mvua na habari za mshahara. Mwaka wa tano akaleta mwanamke akamwita binamu. Binamu huyo alipewa ufunguo mmoja. Mimi nilipigwa mara mbili, na mara zote mbili nikaombwa msamaha kwa kipande cha sabuni. Nilikuwa mpweke kupita kiasi. Kisha nikaanza kuzoea, na kule kuzoea ndiko kunakonitisha mpaka leo nikikumbuka.

Kwa Yaya sikusema neno. Ningemwambia nini, mwalimu wa wachumba? Alikuja kila mwezi, akauliza "Uko muzima?", nikajibu "Niko muzima", akanywa maji, akaenda. Mpaka Jumapili moja alifika mapema, ajida akiwa zamu na binamu akiwa sokoni. Kaka yangu ametoka mbali, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi sina cha kumpa. Nilizunguka jikoni nikisogeza sufuria tupu ili apate kusikia kazi inafanyika. Saa ya kwanza ikapita. Akaja mwenyewe mlangoni, akaliona kabati.

"Funguo iko wapi?"

"Iko na bwana."

"Na weye ukisikia njaa?"

"Minangojaka."

Alirudi kukaa kwenye kiti, akakaa na njaa yake mpaka jua likainama, ajida akarudi, akafungua, akacheka kwamba shemeji yake amekonda. Yaya alikula kwa heshima zote na kushukuru. Alipotoka nje alishika pampu akaanza kujaza matairi ambayo hayakupungua hewa hata kidogo. Alipiga pampu kwa muda mrefu, jasho likimtiririka, na safari ile hakulifuta. Nilisimama karibu naye nikaona aibu, kwa kuwa nilidhani amenikasirikia mimi.

"Minyi njo nilikuingiza umu," alisema bila kuinua kichwa. "Sijue kukutosha na kelele. Kelele haiko kazi yangu. Nitakutosha na kazi."

Kutosha, kwetu, ni kutoa. Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyokuwa amesema juu ya ndoa yangu mpaka siku ile, na sikuyaelewa. Niliyaelewa juma lililofuata aliporudi na farde mpya kifuani, ndani ya abakosti. Ndani yake alikuwa amechora kwa wino herufi zote za mashine ya kuandika, kila moja katika duara lake, safu juu ya safu, kwa mpangilio wa mashine yenyewe. Mashine ya zone haikuruhusiwa kutoka ofisini, na Yaya asingeiba hata pini. Kwa hiyo nilijifunza kupiga mashine juu ya karatasi isiyotoa mlio wala maandishi.

Nilikataa kwanza. Nilimwambia nikitoka hapa watu wa kanisa watasema nini, na Baba Mdogo atatapika vipi mbuzi aliowala. Kwetu mke akimkimbia mume wake, ukoo wake hurudisha mahari yote. Hilo lilimtia kila mmoja wetu baridi. Yaya aliniacha nimalize, akaweka kidole changu cha shahada mahali pake.

"Siko nakuambia utoke," akasema. "Niko nakuambia ujifunze. Siku ile utajua kazi, utaamua na kichwa yako. Sasa huwezi kuamua, uko na njaa."

Kama mwalimu alikuwa wa kutesa. Sauti yake nzuri ya Jumamosi aliiacha Kamina. Sasa alikuja kila Jumapili, akakaa kando yangu na rula, akiimba amri: kidole kidogo, juu, rudi nyumbani, kidole cha pete, chini, rudi nyumbani. Nilipokosea alivuta hewa kwa meno. Nilipopatia hakusema lolote, na kimya hicho nilijifunza kukipenda. Ajida alipouliza tunafanya nini, Yaya, ambaye hakuwahi kusema uongo, alijibu kwamba anamsaidia dada yake kukumbuka herufi. Ajida aliona ni jambo la kitoto, akaenda zake.

Baada ya miezi minne Yaya aliichoma ile farde kwenye jiko. Alisema sasa herufi ziko mikononi, karatasi itanilemaza. Nifanye mazoezi popote, kila siku, bila kutazama. Nikafanya. Nilipiga mashine kwenye meza, kwenye goti, kwenye kitabu cha nyimbo wakati wa mahubiri. Kila nilichosikia nilikiandika. Mchungaji wa Base aliposema "Tuombe", vidole vyangu viliandika tuombe. Ajida aliponitukana, niliandika tusi lake lote mpaka nukta, na ajabu ni kwamba tusi likishaandikwa halikuuma sana.

Nilisahau kwamba wengine wana macho. Binamu ndiye aliyeona kwanza. Tulikuwa mezani, sisi watatu, bukari, ugali wetu, iko katikati. Ajida anaeleza jinsi alivyomfokea kapita, msimamizi wa ghala, nami mkono mmoja unakula na wa pili unaandika maelezo yake ukingoni mwa meza. Binamu akaacha kutafuna.

"Baba," akasema, "angalia bidole ya huyu bibi. Biko binacheza byenyewe."

Ajida akaangalia. Mimi nikashtuka, na nilipomsikia akiuliza "Ni nini ile?", vidole vyangu kwa mazoea tu vikaandika ni nini ile. Akanyanyua sahani yake akaisogeza mbali nami.

Mume wangu alikuwa askari aliyepigana vita vya kweli, na sitamdharau kwa hilo. Lakini mambo yasiyo na umbo aliyaogopa sana. Kuanzia siku ile alinitazama kwa pembe ya jicho. Aliniita ghafla kwa nyuma kuona kama vidole vitaruka, na kwa kuwa jina langu lilikuwa fupi na jepesi kulipiga, viliruka. Akamleta mchungaji. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani, nami nikamshika mkono wa shati kwa unyenyekevu, naye alipofika mahali pa "Bwana, mfungue huyu mama", akanyamaza katikati ya maombi, akatazama mkono wake.

"Inaambukiza," alimwambia ajida mlangoni. "Nimesikia mu mwili yangu."

Ningeweza kueleza. Ningesema, baba, ninajifunza ukarani, na mambo yangeisha pale pale, pamoja na ukarani. Nilinyamaza. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kulikuwa na kitu changu kilichofungwa na ufunguo ninao mimi, na nilikuwa na furaha isiyo na haya.

Ajida akapeleka habari Kamina kwamba ukoo uje. Akaja Yaya kwa baiskeli, na nyuma yake, juu ya kibebeo, Baba Mdogo mwenye tumbo lake, amekuja kuhakikisha kwamba siendi popote. Tulikaa sebuleni, binamu kasimama kwenye pazia. Ajida akaeleza ugonjwa wote, akaigiza hata vidole. Yaya alimsikiliza akiwa ameweka mikono magotini. Nilimtazama usoni nikitafuta cheko, sikukuta.

"Shemeji," ajida akasema, "huyu dada yako iko nini? Unaijua hii ugonjwa?"

Hapa nilimwogopea Yaya. Hajui kudanganya.

"Naijua," akajibu. "Iko mu familia. Hata minyi niko nayo."

Akainua mikono yake miwili kutoka magotini, na vidole vyote kumi, vya karani wa miaka ishirini, vikapita hewani kwa kasi ambayo mimi sikuwahi kuifikia, huku macho yake yametulia usoni mwa ajida. Binamu akapiga kelele akaingia chumbani. Baba Mdogo, aliyekuwa hajui chochote, alivitazama vidole vyake mwenyewe akavikalia.

"Inapona?" ajida akauliza. Alikuwa amesimama.

"Kwangu haikupona," Yaya akasema. Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana sauti yake haikutetemeka.

Ajida akasema basi ukoo unichukue, wanitunze kwao, yeye ni mtu wa serikali, hawezi kulala na jambo kama lile. Baba Mdogo akafungua kinywa kunitetea nibaki. Yaya akamgusa goti. Kwetu mume akimrudisha mke kwa mkono wake mwenyewe, hana cha kudai, si mbuzi wala baiskeli, na Baba Mdogo, ambaye kwa mambo ya mbuzi hakuwa mzito wa kuelewa, akafunga kinywa chake.

"Tutaandika," Yaya akasema, akatoa karatasi na kalamu. "Weye mwenyewe, na mukono yako. Ya kwamba unamurudisha kwetu."

Ajida akainama kuandika. Ilimchukua muda mrefu. Yaya aliipokea karatasi, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Mistari ilipanda na kushuka, herufi zimelaliana, nyingine zimeanguka nje kabisa. Nikaona uso wake unabadilika kwa mara ya kwanza siku ile.

"Na ile barua ya kwanza?" akauliza polepole. "Ya kuposa?"

"Ile njo aliandika kaporali," ajida akajibu. "Minyi sina mwandiko."

Sijawahi kumwona mtu ameumia namna ile kwa jambo dogo. Ilibidi nimshike mkono kumtoa nje.

Baba Mdogo aliachwa apande gari la jeshi, mimi nikapanda kibebeo cha baiskeli na fungu langu la nguo. Ile ilikuwa mahari yangu, nami nimeikalia naenda nayo. Yaya alikanyaga mpaka Base ilipopotea nyuma ya miti. Nililia kidogo. Kisha nikaweka mikono yangu miwili mgongoni mwake, juu ya abakosti iliyolowa, nikapiga mashine: wafwako, Yaya, yaani asante, kwa lugha ya mama yetu. Akakanyaga mizunguko kadhaa.

"Kidole ya kidogo imelala," akasema mbele. "Rudia."

Nikarudia.

Haikuwa rahisi baadaye, na atakayekwambia vingine anataka kukuuzia kitu. Mashine ya kwanza niliipata misheni, iliyotupwa ghalani, utepe wake umekauka. Yaya aliuloweka kwa wino na mafuta ya taa, tukanuka taa juma zima. Nikaweka meza yangu karibu na gare, pale wanapongoja wasafiri wa treni, nikawaandikia watu barua. Siku za kwanza wateja walikuja kumtazama mwanamke anayepiga mashine, wakaondoka bila kuandika. Kanisani walisogea mbali nami kwenye benchi. Mke wa Yaya alinilisha miezi mitano bila kunung'unika, na yeye hakuwahi kuandikiwa barua ya shukrani, kwa hiyo naiandika hapa. Kisha wakaanza kuja wake wa askari, mmoja mmoja. Walitaka barua kwa waume waliopelekwa mbali, barua kwa wakubwa, barua kwa wazazi wa mikoa ya mbali. Ikafika wakati mstari wao ulifika kwenye reli.

Ajida alikuja mara moja kuuliza, akasimama mbali kidogo na uzio wa Yaya. Mimi nilikuwa ndani, ninasikia.

"Anaendelea namna gani?"

"Inazidi," Yaya akamwambia. "Sasa inamushika asubui mpaka mangaribi."

Ajida akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akarudi Base, hatukumwona tena. Namsamehe mengi kwa ajili ya huruma ile.

Nilimuuliza Yaya, siku fulani tukipembua maharagwe, anawezaje kufundisha wachumba Jumamosi baada ya kazi aliyoifanya kwangu. Hakupenda swali. Alisema anachofundisha ni kweli. Kisha akasema ameongeza somo moja, juma la tisa, ambalo msichana peke yake anaulizwa anajua kazi gani, na asiyejua yoyote anaambiwa arudi mwaka ujao. Mchungaji alilalamika kwamba ndoa zimepungua. Yaya alimjibu kwa barua, nakala mbili.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni ya mwanzo wa mvua, yeye akiwa amestaafu na macho yameanza kuingia ukungu. Mimi nilikuwa nimejenga vyumba viwili pale site, mtaa wa watu wa kawaida, matofali ya kuchoma, mabati mapya, kila tofali limetoka kwenye barua za watu. Nilikuwa nyuma ninasonga bukari niliposikia mtu anabisha hodi mbele. Niliitambua sauti, nikapaza yangu: "Ingia, Yaya!"

Hodi ikarudi.

Sasa mjue kwamba katika ukoo wetu Yaya hakubisha hodi kwa mtu. Nyumba za wadogo zake wote aliziingia kama anavyoingia chumbani kwake, akafunua sufuria, akaketi kwenye kiti kizuri. Nikadhani labda hajanisikia. Nikatoka na mwiko mkononi. Amesimama nje ya ukingo wa bati, mvua inampiga mabegani, kofia ameishika mkononi badala ya kuivaa.

"Yaya, unabisha hodi ya nini? Ingia, nyumba iko yako."

"Hapana," akasema. "Nyumba ya baba ilikuwa yangu. Ile ya Base ilikuwa ya bwana yako. Hii iko ya weye. Nitangoja uniambie."

Nilisimama na mwiko, machozi yananitoka hadharani, majirani wanaangalia.

"Ulie pole pole," akasema, "lakini minyi niko nalowa."

"Karibu, Yaya," nikamwambia.

Akapangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, mmoja, kisha wa pili. Akaingia, akasimama katikati ya chumba, na kuniuliza akae wapi.